Nani Amesema?

Mwalimu Manasseh hakuwa na ubaya na mtu, ila alikuwa na kalamu nyekundu. Kwa Adhis, hayo yalikuwa mamoja. Mara ya kwanza alipompelekea sura ya pili ya mradi wake wa utafiti, kurasa alizozichapa mwenyewe kwa vidole viwili kwenye kompyuta ya kazini, zilirudi zimepakwa wino mwekundu pambizoni kutoka juu hadi chini. Na kila palipokuwa na wino paliandikwa maneno yale yale: Nani amesema?

Adhis alikuwa ameandika kwamba omena, wale dagaa wa ziwani, isipokauka siku ya kwanza huanza kunuka siku ya pili. Nani amesema? Aliandika kwamba akina mama wanaotoka kando ya ziwa kuuza omena katika masoko ya Kisii huumia zaidi msimu wa mvua ndefu. Nani amesema? Aliandika hata kwamba huku Kisii mvua hupenda kunyesha mchana, na hapo pia mwalimu akauliza nani amesema, ilhali yeye mwenyewe alikuwa amesimama dirishani akingoja mvua ipungue aende kutafuta chakula.

"Mama yangu ndiye amesema," Adhis akajibu. "Ameuza omena soko la Keumbu tangu sijazaliwa."

"Mama yako amechapisha wapi?"

"Hajachapisha, mwalimu. Alifariki."

"Pole sana," Mwalimu Manasseh akasema, na kweli alionekana amesikitika. Aliifunika kalamu yake kwa heshima. "Lakini mama si chanzo. Chanzo ni makala ya kitaalamu, iliyopitiwa na wataalamu wengine, na isiwe ya zamani. Nataka kumi na tano. Na angalau moja iwe ya huku kwetu, juu ya biashara hii hii ya omena. Bila hiyo mimi siitoi kalamu ya bluu, siweki sahihi."

Adhis alitoka nje akasimama kwenye varanda ya chuo huku mvua isiyo na chanzo ikimrushia matone miguuni. Angeweza kulia, lakini kilio hakikuja. Kilichokuja ni hasira.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane. Mchana aliuza mbegu, mbolea na dawa za ng'ombe katika agroveti moja pale mjini Kisii. Jioni alisomea diploma ya maendeleo ya jamii katika chuo kilichokuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Masomo yalikuwa yameisha, karo ilikuwa imeisha, na hata uvumilivu ulikuwa umeisha. Kilichobaki ni mradi huu. Orodha ya wanaohitimu mwaka huo ilikuwa inafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na jina la mtu haliingii humo kama mwalimu wake hajatia sahihi.

Angekuwa peke yake duniani, angesema potelea mbali, nitahitimu mwaka ujao. Lakini kulikuwa na baba yake, mzee Ombok, kule nyumbani Homa Bay. Mzee alikuwa ameshatangaza kanisani. Alikuwa ameshanunua viatu vyeusi vya kuendea sherehe, vikambana, naye badala ya kuvirudisha akawa anavivaa kila jioni kuzunguka boma ili vizoee mguu. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua mwaka huo, na daktari alikuwa amesema maneno ambayo mzee hakutaka kuyarudia mbele ya mtu. Kila akipiga simu alikuwa na swali moja tu. "Nyara, binti yangu, tarehe haijabadilika?" Na kila mara Adhis alijibu kwamba haijabadilika, akikata simu haraka kabla sauti haijamsaliti.

Basi akaanza kutafuta makala.

Mtu ambaye hajawahi kutafuta makala ya kitaalamu hudhani ni kazi ya kukaa kwenye kiti. Adhis aliandika "omena" mtandaoni, akaletewa utafiti kuhusu chakula cha kuku. Akaandika "samaki wadogo, wanawake, biashara," akapelekwa hadi Ziwa Malawi, ambako watu wa huko wamewaandika samaki wao kwa bidii ya ajabu. Akaandika "Kisii." Hapo ndipo alipogundua kwamba wataalamu wote waliowahi kukanyaga Kisii walikuja kuangalia ndizi, mawe ya sabuni au wachawi. Hakuna hata mmoja aliyepita sokoni akahisi harufu ya samaki. Kila jioni alifunga kompyuta akiwa anajua mengi zaidi kuhusu ndizi, na hakuwa amesomea ndizi.

Maktaba ya chuo ilikuwa na mlango wa mtandaoni wa kuingilia kwenye makala za kulipiwa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye bango. Adhis alipouliza neno la siri, mkutubi alimtuma kwa watu wa kompyuta. Watu wa kompyuta wakamwambia neno la siri hutolewa na maktaba. Akarudi maktaba. Mkutubi akamwangalia kama mtu aliyemwona jana, maana kweli alimwona jana, akamwambia, "Si nilikwambia hao ndio wanayo?" Hiyo nenda-rudi iliendelea mpaka viatu vya Adhis vikaanza kuliwa upande mmoja. Neno la siri lilipopatikana, likawa limekwisha muda wake.

Linet, waliyesoma naye darasa moja, alimhurumia.

"Wee Adhis, kwani unaishi enzi gani?" akamwambia. "Hiyo kazi inafanywa na AI. Mimi nilipata zangu zote nikiwa natengenezwa nywele."

Kweli, Linet alibonyeza simu mara mbili tatu na orodha ikaja imenyooka, makala kumi na tano, zote juu ya omena, zote za Kisii, kila moja na mwandishi wake, mwaka wake na jarida lake. Ilikuwa orodha tamu mno. Adhis alitaka kuamini, na mtu anayetaka kuamini haulizi maswali mengi. Aliipeleka kwa Mwalimu Manasseh asubuhi iliyofuata. Mwalimu aliketi, akatafuta makala ya kwanza, akaikosa. Akatafuta ya pili, akaikosa. Alitafuta zote kwa subira ya mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake, kisha akaandika chini ya ukurasa kwa wino ule ule: Hawa watu hawajazaliwa.

Linet alipoambiwa alishika kichwa. Zake alikuwa ameshazipeleka.

Mwishowe, Adhis alikusanya makala kumi na nne za kweli, moja moja, kama mtu anayeokota mahindi yaliyomwagika barabarani. Za Uganda, za Mwanza, za Kisumu, mbili za Malawi. Ilibaki ile moja ya huku kwetu. Na Jumanne ya wiki ya mwisho, wakati alipokuwa amekata tamaa na anaangalia tu ili asilale, ikatokea. Ilihusu wanawake wauza omena katika masoko ya nyanda za juu za Kisii. Mwandishi wake alikuwa mtu mmoja aitwaye Machogu. Muhtasari wake, ule unaoruhusiwa kusomwa bure, ulitaja Keumbu kwa jina. Ilitoka mwaka wa 2018, kwa hiyo haikuwa ya zamani. Ilikuwa imepitiwa na wataalamu. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa mlango, maana chini ya muhtasari palikuwa na kufuli dogo jekundu, na kando ya kufuli bei ya kusomea kwa siku moja, ambayo ilikuwa ya dola na ya matusi.

Adhis alilitazama lile kufuli. Akalitukana kwa Kijaluo, taratibu, bila kurudia neno.

Akamwandikia mwandishi barua pepe. Ilirudi kabla hajainuka kitini. Anwani ilikuwa ya chuo kikuu ambako Machogu alikuwa ameshaondoka.

"Unatafuta Machogu gani?" Gibson akauliza. Gibson alifanya naye kazi pale agroveti, kijana wa Birongo, mzuri wa kujua nani ni mtoto wa nani. Adhis alimwonyesha jina kwenye kioo. "Aa! Huyo ni wa kwetu. Alisoma sana huyo, akaenda Ulaya. Mama yake ni Mama Drusilla, boma liko pale chini ya kituo cha majani chai."

"Nipe namba yake."

"Ya Machogu? Namba yake sina. Lakini si uende kwao? Mtu hutafutwa nyumbani, dada. Hiyo barua pepe ni ya wazungu."

Ushauri huo ulionekana wa busara. Ndivyo watu wa pande hizi wanavyofanya. Ukimtaka mtu, humtafuti alipo, unamtafuta alikotoka, na kutoka hapo atapatikana hata kama amehamia mwezini. Adhis aliomba ruhusa ya Alhamisi. Kwa kuwa alilelewa na mama mwenye adabu, na haendi kwa watu mikono mitupu, alinunua sukari, mkate na majani ya chai, akavaa gauni lake la kanisani, akaenda Birongo.

Hapo ndipo alipokosea, na hakuna mtu yeyote aliyekuwa amemwonya, hata Gibson, ambaye alipaswa kujua.

Mama Drusilla alikuwa uani akichambua mboga za chinsaga. Aliinua macho akamwona msichana mgeni, mkomavu, mwenye gauni safi, mkononi ana sukari, mkate na majani. Msichana akapiga goti kidogo, akasalimu, akasema, "Mama, mimi natafuta nyumbani kwa Machogu. Ninamtaka Machogu mwenyewe, lakini nimeambiwa nianzie kwako."

Machogu alikuwa karibu kufika miaka arobaini na hajaoa. Mama yake alikuwa ameliombea jambo hilo mpaka Mungu akachoka kusikia. Aliiacha mboga ikaanguka.

"Nyangate!" akaita upande wa pili wa ua. "Nyangate, kuja uone! Kuja haraka!"

Jirani akaja anakimbia, akaona sukari, akapiga vigelegele. Adhis alisimama pale, mkate mkononi, hajui ni furaha gani aliyoileta. Walimwingiza ndani, wakamkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, wakamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kile kiatu kilicholiwa upande mmoja.

"Nilijua tu," Mama Drusilla alikuwa akisema. "Hiyo mtoto ni msiri sana. Kumbe ako na mtu. Mwanangu, umetoka wapi?"

"Ninakaa mjini, mama. Lakini kwetu ni Homa Bay."

Mama Drusilla na Nyangate wakaangaliana.

"Mjaluo," akasema Nyangate.

"Sawa," Mama Drusilla akaamua, kama mtu anayefunga kesi. "Mungu ni mmoja. Unajua kupika ugali ya wimbi?"

"Ninajua, mama," Adhis akajibu kabla hajafikiri, maana aliulizwa na alikuwa anajua, na jibu hilo likaharibu mambo zaidi.

Mwanga ulimfikia taratibu. Alipoelewa, alikiweka chini kikombe cha chai aliyopewa. "Mama, nisikize. Mimi nimekuja kwa sababu ya makala."

"Hata kama kuna shida, tutaisuluhisha nyumbani," Mama Drusilla akasema kwa upole, akamwongezea maziwa kwenye chai, huku jicho lake likishuka hadi kwenye tumbo la mgeni na kupanda tena. "Kunywa maziwa. Maziwa ni muhimu."

Adhis alieleza tena. Alieleza juu ya utafiti, juu ya omena, juu ya mwalimu na kalamu. Kadiri alivyoeleza ndivyo wale wamama walivyotikisa vichwa kwa huruma, wakisema msichana ameelimika, tena ana haya. Jikoni palishawashwa moto. Ugali ulikuwa unasongwa. Kesho ilikuwa Ijumaa, mwisho wa dunia, na yeye alikuwa anaozwa Birongo kwa mtu asiyemjua.

"Mpigie simu basi!" hatimaye akasema, na sauti ikapanda kuliko alivyotaka. "Mama, nakuomba. Mpigie Machogu mwenyewe."

Hilo Mama Drusilla alilikubali, kwa kuwa alikuwa analitaka. Alitoa simu kubwa aliyotumiwa na mwanawe, akabonyeza kwa kidole cha shahada kama anayeponda chawa. Uso ukatokea kwenye kioo, uso wa mwanaume mwenye kofia ya sufu, macho yamemtoka.

"Mama, kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Bibi yako amefika."

"Bibi gani?"

Mama akaigeuza simu. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana wakatazamana, mmoja Ulaya, mmoja Birongo, na katikati yao sahani ya mkate uliokatwa.

"Daktari Machogu, habari yako," Adhis akasema mbio mbio, kabla simu haijaondolewa. "Mimi ni mwanafunzi. Sikufahamu na hunifahamu. Naomba makala yako ya wauza omena. Nilikuandikia barua ikarudi."

Machogu akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Umeenda mpaka kwa mama yangu kwa sababu ya makala? Dada, hiyo makala imesomwa na watu watatu, na mmoja ni mimi. Hata mimi nikitaka kuifungua kule kwenye jarida naambiwa nilipe. Lakini ninayo kwa kompyuta. Nipe namba yako, nitatuma sasa hivi."

"Atatuma nini?" Nyangate akauliza kwa nyuma. "Ng'ombe?"

Ilichukua muda kabla jambo lenyewe halijaingia. Machogu alimweleza mama yake kwa Ekegusii, polepole, na Adhis akaona uso wa yule mama ukizimika. Simu ikawekwa mezani. Adhis alijiona mwizi, aliyeingia kwa watu na kuiba kitu ambacho hata yeye hakukitaka.

"Nisamehe, mama," akasema.

"Kwa nini? Wewe umekuja kutafuta elimu." Mama Drusilla alijifuta uso kwa pembe ya leso. "Ni mimi nilikuwa natafuta mtu. Sasa kula. Ugali imeshapikwa, haiwezi kurudi kuwa unga."

Wakala. Na wakati wanakula, Machogu akatuma alichoahidi, na Adhis alipofungua akakuta ni kiungo, na kiungo kilimpeleka moja kwa moja hadi kwenye lile kufuli jekundu. Aliweka kijiko chini, akafumba macho. Akamwandikia tena, kwa adabu iliyomgharimu sana, na Machogu akaomba radhi na kutuma faili lenyewe. Lakini mtandao wa bondeni kwa Mama Drusilla ulikuwa mtandao wa kuomba. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka. Alipoaga, mfuko umejaa maparachichi aliyolazimishwa kubeba, kilikuwa bado kinazunguka.

"Ukimaliza kusoma urudi kunisalimia," Mama Drusilla alimwambia langoni. "Sisemi kwa sababu yake. Kwa sababu yangu."

Kiduara kiliacha kuzunguka aliposhuka Keumbu kubadilisha gari. Alikuwa amesimama kando ya barabara, kando ya mashine ya kusaga, na hakuwa amepachagua. Miguu ilimpeleka tu. Palikuwa mahali pa mama yake, Aloo. Aloo aliketi hapo na beseni lake la omena, mvua na jua, mpaka mwaka alipougua. Sasa palikuwa na kijana wa viazi vitamu. Adhis aliweka maparachichi chini akafungua faili, si kwa sababu alikuwa na hamu, bali kwa sababu alihitaji sentensi mbili tatu za kuchomeka kwenye sura ya pili kabla ya asubuhi.

Alisoma akiruka ruka. Utangulizi. Mbinu za utafiti. Machogu alikuwa amewahoji wanawake katika masoko kadhaa, na kwa kuwa utafiti hautaji watu majina, kila mmoja alikuwa amepewa namba. Mhojiwa wa Tisa alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Homa Bay, muuza omena wa Keumbu, akikaa karibu na mashine ya kusaga.

Adhis aliinua macho akaiangalia mashine ya kusaga. Kisha akaendelea, polepole sasa, bila kuruka hata neno. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lakini yeye aliyasikia kwa lugha ya kwao. Alipoulizwa anafanyaje msimu wa mvua, Mhojiwa wa Tisa alikuwa amejibu: "Jua la Kisii ni kama mkwe. Haliji mpaka uache kulingoja."

Hakuna mwanamke mwingine duniani aliyesema hivyo. Aloo alisema hivyo kila mwezi wa nne, akifunika beseni kwa nailoni, akilitazama wingu kama mtu anayemdai. Adhis alimkumbuka hata huyo mtafiti, kwa kusimuliwa. Mama alirudi jioni moja akacheka kwamba kijana mmoja Mkisii alimnunulia soda ili amuulize mambo ambayo hata mtoto anayajua. Adhis alikuwa kidato cha nne, ameinamia vitabu, na hakuinua kichwa.

Mtafiti alikuwa ameuliza swali la mwisho: mbona haachi, kama hasara ni hivyo? Jibu lilikuwa pale, na kwenye mabano, kwa uaminifu wa kitaalamu, Machogu alikuwa ameandika kwamba mhojiwa alicheka. "Nina msichana shuleni. Siku moja atakuja kuniuliza maswali haya yeye mwenyewe. Nitamjibu vizuri kuliko nilivyokujibu wewe."

Adhis aliketi chini, kando ya viazi vya mtu, akalia. Hakuwa amewahi kumuuliza. Alikuwa amejibiwa kila siku bila kuuliza, akadhani majibu hayo hayataisha.

Kijana wa viazi akamuuliza kama ameibiwa. Alitikisa kichwa, akampigia baba yake.

"Nyara," mzee akasema, "tarehe imebadilika?"

"Haijabadilika. Baba, nisikize kidogo." Akamsomea. Akayatoa yale maneno katika Kiingereza akayarudisha katika Kijaluo, na hayakumpa taabu yoyote, kama ng'ombe anayerudi zizini kwake.

"Huyo ni yeye," mzee akasema, akipenga kamasi. "Hata ndani ya kitabu anamgombeza mtu."

Ijumaa asubuhi Adhis alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Manasseh kabla mwalimu mwenyewe hajafika. Mwalimu alipokuja, karibu saa sita, alimwekea sura ya pili mezani, akabaki amesimama ingawa aliambiwa aketi. Mwalimu akaivua kalamu nyekundu kifuniko. Alisoma kuhusu omena isiyokauka, akaona chanzo, akapita. Alisoma kuhusu mvua, akaona chanzo, akapita. Kila mahali palipokuwa na swali lake sasa palikuwa na jibu, na jibu lilikuwa jina la mwanaume, Machogu, na mwaka, kama kanuni inavyotaka. Adhis alikuwa ameliandika jina hilo jana hadi mkono ukauma, na kila mara moyo wake ulikataa, na kila mara aliliandika.

Alipofika kwenye jua na mkwe, mwalimu alitabasamu. Akarudi nyuma, akasoma tena.

"Sasa hii ni kazi," akasema. "Hapa una ushahidi. Huyu Mhojiwa wa Tisa, huyu mama anajua kitu. Anaongea vizuri kuliko huyo daktari anayemnukuu." Aliinua macho. "Wewe unapajua Keumbu, hukuwahi kusikia ni nani?"

"Ni mama yangu, mwalimu," Adhis akasema. "Uliniuliza amechapisha wapi."

Mwalimu Manasseh aliuangalia ukurasa, akamwangalia Adhis, akauangalia ukurasa tena. Nje mvua ilikuwa imeanza, mchana kweupe. Aliifunika kalamu nyekundu, akafungua droo, akaanza kutafuta ya bluu.